Masta Mkononi mwa Nani? Filamu Huru ya Mwanamke Shinyanga na Geita

Binti wa Kahama au Katoro anayeandika hadithi zake na kuziigiza mwenyewe hupewa siku hizi ushauri wa aina tatu, na kila mmoja unaupinga mwenzake. Wa kwanza humwambia Bongo Movie imeshakufa, pesa iko kwenye tamthilia za ving'amuzi, apande basi aende Dar es Salaam. Wa pili humwambia wenye fedha ni mashirika, aandike habari ya ndoa za utotoni atapata mfadhili. Wa tatu humwambia simu yake ni kamera tosha, ashuti, apandishe YouTube, mengine yatajipa. Wote watatu wana mifano ya kuonyesha, ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Tatizo ni kwamba wote wanajibu swali la pesa itoke wapi, wanaliruka lile linaloamua kama pesa hiyo itarudi: kazi ikikamilika, masta, yaani nakala mama ya filamu, anaishika nani? Kwa mwanamke anayeandika na kuigiza, hasa akiwa mbali na Dar es Salaam, umiliki wa hadithi na wa masta una uzito kuliko ukubwa wa bajeti. Kila njia kati ya hizo tatu inastahili kupimwa hapo kwanza.

Tulikotoka

Ukanda huu haukuanza jana kutoa wasanii. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi palepale mjini, kisha akahamia Dar es Salaam ambako alipitia kundi la Kaole na kuwa jina kubwa kuliko yote katika filamu za Kiswahili hadi alipofariki Aprili 2012. Safari yake ndiyo iliyokita imani kwamba Shinyanga inatoa kipaji na Dar es Salaam inatoa kazi. Lakini kuna historia nyingine, ya wanawake, ambayo haitajwi sana. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na mwenzao Eberhard Chambulikazi, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliendesha mradi wa sanaa za maonyesho kijijini Malya, wilayani Kwimba, jirani kabisa na Shinyanga. Wanakijiji walichambua matatizo yao wenyewe, hasa ya vijana, wakayatungia ngoma na michezo kwa mtindo wao wa Kisukuma. Wawili kati ya watatu hao walikuwa wanawake waandishi wa tamthilia, na Lihamba ni mwigizaji pia, ambaye baadaye alionekana katika Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Kwa hiyo mwanamke anayeandika na kucheza si kitu kigeni kwa Wasukuma. Kilichokosekana ni njia ya kuigeuza kazi hiyo kuwa filamu.

Wakati huo filamu ilikuwa mali ya serikali. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ilikuwa na vifaa vya gharama kubwa na ikatoa filamu za kuhesabika. Mwandishi wa mkoani hakuwa na mlango wa kuingilia. Aliyeonyesha njia tofauti ni Flora M'mbugu-Schelling. These Hands, filamu yake ya 1992, ni dakika 45 za wanawake, wengi wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda kokoto kwa nyundo machimboni Kunduchi. Hamna msimulizi, hamna mtaalamu wa kueleza, ni mikono na mawe na nyimbo zao. Anayeijua mialo ya Nyarugusu au Rwamgasa, ambako wanawake hukaa chini wakigonga mawe ya dhahabu yawe madogo ya kuingia kwenye karasha, mashine ya kusagia, ataona jinsi filamu ile ingeweza kushutiwa Geita bila kubadilisha kitu isipokuwa vumbi. Ilikuwa filamu ndogo kwa kila kigezo cha gharama, na bado inatajwa kila panapozungumzwa sinema ya Tanzania, kwa sababu mtazamo wake ni wa mtu mmoja anayejua anatafuta nini.

Kisha ikaja Bongo Movie. Tangu filamu ya Girlfriend, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera za video zilishusha gharama na kanda zikaanza kuuzwa moja kwa moja kwa watazamaji. Wanawake waliingia kwa wingi, na si kama nyuso tu. Blandina Chagula, yaani Johari, alikuwa mshirika wa Vincent Kigosi katika kampuni ya RJ. Lucy Komba aliandika, akaigiza na kutayarisha filamu zake. Hata hivyo soko zima lilisimama juu ya wasambazaji wachache wa Kariakoo, Steps Entertainment akiwa mkubwa wao, na utaratibu ulikuwa mmoja: mtayarishaji analeta masta, analipwa kwa mkupuo, anaondoka. Filamu ikiuza nakala elfu kumi au laki moja, kwake ni sawa. Utaratibu huo ulimfaa mwenye njaa ya leo, na ndio ulioliua soko kesho yake, maana hakuna aliyebaki na kitu cha kuuza tena pale maharamia walipoanza kuunguza sidii mitaani. Serikali ilileta stempu za TRA kwenye kazi za sanaa mwaka 2013, na mwaka 2017 wasanii wakaandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zilizojaa sokoni. Lakini mtazamaji alikuwa ameshahamia kwenye flashi na simu. Wanaosema Bongo Movie imekufa wanasema kweli kuhusu biashara ya DVD. Wanakosea wanapodhani kilichokufa ni hamu ya watu kutazama hadithi zao.

Njia ya Dar es Salaam

Ving'amuzi ndivyo vilivyoziba pengo. Maisha Magic Bongo ilianza 2015, Azam nao wakaja na Sinema Zetu, na tamthilia ndefu zikawa ajira ya kudumu kuliko filamu yoyote. Nguvu ya njia hii ni wazi: kuna mkataba, kuna ratiba, kuna mtu wa sauti na mtu wa taa ambao kazi yao ni hiyohiyo, na mshahara haungoji msambazaji auze. Mfano mkubwa wa mwanamke katika njia hii ni Leah Mwendamseke, Lamata, ambaye kampuni yake imetoa Kapuni na Jua Kali. Yeye anaandika, anaongoza na anatayarisha, na hakuna anayeweza kusema kwamba mwanamke hawezi kusimamia kazi ya vipindi mia na zaidi.

Ila tuangalie vizuri mfano huo unathibitisha nini. Unathibitisha kwamba mwanamke mwenye kampuni anaweza kuzungumza na kituo cha televisheni kama mfanyabiashara. Hauthibitishi kwamba msichana anayeshuka stendi ya Magufuli na begi lake atafika hapo kwa kuigiza. Kwa mwigizaji wa kawaida tamthilia hununua uso na muda. Mwezi mzima ni wa kushuti, na hadithi aliyokuja nayo inabaki kwenye daftari. Akiitoa mezani bila mkataba, haiwi yake tena. Pia kuna lile ambalo kila mtu analijua na wachache wanalisema hadharani, rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalitaja kosa hilo waziwazi, lakini sheria haimsaidii sana mtu ambaye kodi ya chumba chake inategemea kuitwa kesho kwenye lokesheni. Anayemiliki hadithi ana sababu ya kukaa mezani. Asiye nayo anategemea kuchaguliwa, na hapo ndipo udhaifu wake unapoanzia.

Hasara nyingine ni ya jiografia. Tamthilia inashutiwa penye studio, kwa hiyo familia tunayoiona ni ya Mbezi au Masaki, na Msukuma akitokea ni mlinzi mwenye lafudhi ya kuchekesha. Nadhani watu wa Kanda ya Ziwa wamelivumilia hili muda mrefu mno. Mama lishe wa Mgusu, mke wa mchimbaji aliyefukiwa na duara, yaani shimo la uchimbaji, wanunuzi wa marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ugomvi wa magwangala, yale mawe ya masalia ambayo wananchi wa Geita wameyadai kwa miaka kutoka mgodi mkubwa: hizo ni hadithi zenye pesa, mapenzi na hatari ndani yake, na mwandishi aliyekulia huko anazijua kuliko mtu yeyote. Akihamia Dar es Salaam anaacha nyuma kitu pekee ambacho wenzake wa Dar hawana.

Njia ya mradi

Njia ya pili ina mizizi mirefu pia. Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza 1993, ulithibitisha kwamba hadithi nzuri inaweza kubeba elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI bila kupoteza wasikilizaji. Siri ya Mtungi ilifanya hivyo kwenye televisheni miaka ishirini baadaye. Na Shinyanga ina sababu ya kuwavuta wafadhili: utafiti wa taifa wa afya wa 2010 ulikuta asilimia 59 ya wanawake wa mkoa huo wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18, dhidi ya asilimia 37 kwa nchi nzima. Kesi ya Rebeca Gyumi ya kupinga ndoa za utotoni, iliyoshinda Mahakama Kuu 2016 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani 2019, iliongeza kasi ya miradi ya aina hiyo. Mfadhili hulipa kabla ya kazi, hulipia usafiri na chakula, na mara nyingi huja na kibali chake mkononi. Kwa mwanamke asiye na mtaji, hilo si dogo.

Udhaifu uko kwenye mpangilio. Katika filamu ya mradi ujumbe hutangulia na mtu hufuata, kwa hiyo mhusika anageuka kielelezo. Msichana anaozeshwa, analia, afisa ustawi anafika, mwisho. Watazamaji wa Ukenyenge au Bukombe wanamtambua mara moja kuwa si mtu, wanakaa kwa heshima hadi filamu iishe. Ukanda huu umechoshwa zaidi na picha moja inayojirudia: mauaji ya vikongwe wenye macho mekundu, mauaji ya watu wenye ualbino, ndoa za ng'ombe. Mambo hayo yametokea na hayapaswi kufichwa. White Shadow ya 2013, iliyoongozwa na Noaz Deshe na kushinda tuzo Venice, iliyafikisha mbali sana. Lakini mkoa ukionekana duniani kwa msiba tu, mwandishi wake naye anatarajiwa kuandika msiba, na akileta kichekesho cha wauza mkaa anaambiwa hakina tija kwa jamii.

Atasema mtu kwamba ninaionea njia hii, na ana haki. Shirika la UZIKWASA la Pangani lilitoa Fimbo ya Baba mwaka 2006 na Aisha mwaka 2015, zote zikiongozwa na Chande Omar, na Aisha, ambayo Godliver Gordian aliibeba, ni filamu ya kweli yenye mtu wa kweli ndani yake. Sababu ni kwamba shirika lile liko Pangani mwaka mzima, lina redio yake hapo, na hadithi ilichemka kwa wenyeji kabla kamera haijafika. Hiyo ni mbinu ya Malya kwa jina jingine. Mradi unaokuja Kishapu kwa wiki mbili na skripti iliyoidhinishwa Dar es Salaam hauwezi kuzaa kitu hicho hata ukiwa na fedha mara tatu. Na hata katika mradi mzuri swali la masta linabaki. Filamu ikigawiwa bure kwa nia njema, mwandishi hawezi kuiuza tena, na mara nyingi mkataba haukumtaja kabisa.

Njia ya simu

Njia ya tatu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo inayodanganya zaidi. Ni kweli kwamba picha ya simu ya leo inapita ile ya kamera zilizotengeneza Bongo Movie ya mwanzo. Lakini filamu huharibikia kwenye sauti. Ukishuti mazungumzo ya wanawake wawili mwaloni, karasha linasaga hatua thelathini kutoka hapo na jenereta halizimwi, maana kila dakika ya kusimama ni hasara ya mtu. Mwongozaji mwenye akili ataandika tukio hilo lifanyike jioni karasha likinyamaza, au atawafanya wahusika wazungumze kwa ishara na macho, kama wenye mwalo wanavyofanya kweli. Kuna pia kizuizi kingine ambacho hakipo Dar es Salaam. Machimbo mengi yana mwiko wa mwanamke kuingia duarani, eti dhahabu hukimbia. Hata kusogelea mdomo wa shimo kunaweza kuzua ugomvi. Mwandishi mwanamke anayetaka tukio la chini ana uchaguzi wa kumkabidhi mwanaume kamera, kujenga duara la uongo kwa matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, na viroba, au kubaki juu na kusimulia ajali kwa nyuso za wanaosubiri. La tatu ndilo la bei nafuu, na naamini ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Sheria nayo haikwepeki. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kushuti na ukaguzi kabla ya kuonyesha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka, kiasi kilichowafungia nje wengi. Zilibadilishwa baadaye na ada zikapungua, lakini bado anayeingiza kipato mtandaoni anapaswa kujua anaangukia kundi gani. Kipato chenyewe ni cha kusuasua. Video fupi za vichekesho hulipa kwa sababu zinatoka kila siku. Filamu ya dakika sabini inatoka mara moja kwa mwaka, na siku ya tatu imeshaingia kwenye kompyuta ya kibanda cha kuuza muvi, ikiuzwa kwa shilingi mia chache kwa kila flashi.

Kibanda hicho, hata hivyo, ndicho kinachonifanya nisiidharau njia hii. Kambi za wachimbaji zimejaa watu wenye simu, wenye fedha taslimu siku ya mgao, na wasio na burudani nyingi zaidi ya mpira na muvi zilizotafsiriwa. Waimbaji wa Kisukuma wameshathibitisha kwamba soko lipo, video zao zinasambaa kwa flashi na YouTube kutoka Bariadi hadi Katoro bila televisheni kuwapa nafasi kubwa. Filamu yenye mazungumzo ya Kisukuma yaliyochanganyika na Kiswahili cha machimboni, maandishi yakipita chini, itapoteza baadhi ya watazamaji wa Pwani na vituo vya televisheni vitasita. Itapata badala yake watu ambao hawajawahi kusikia sinema ikisema kwa sauti yao.

Kupima

Mtu wa Geita hahitaji kufundishwa mgao. Kwenye duara kila fungu linajulikana kabla ya mtu kushuka: la mwenye leseni, la mwenye duara aliyegharimia matimba na chakula, la wachimbaji, na viroba vinahesabiwa mbele ya wote. Wanawake wengi wako nje ya hesabu hiyo, wanalipwa kwa kugonga, kuosha au kupika, ndiyo maana chama cha wanawake wachimba madini, TAWOMA, kilichoanzishwa 1997, kimehangaikia leseni. Filamu zetu zimeiga upande mbaya wa mpangilio huo, mwigizaji akilipwa kama kibarua, na kuacha upande mzuri, yaani kukubaliana mafungu kabla ya kazi. Kundi la watu sita linaloshuti Mwadui au Nyarugusu linaweza kuandika kwenye karatasi moja fungu la mwandishi, la mwenye kamera, la mhariri na la waigizaji, pamoja na sharti kwamba masta ni ya mwandishi na inakodishwa, haiuzwi. Karatasi hiyo na skripti iliyosajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni gharama ndogo kuliko kukodi taa kwa siku mbili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba masta ya filamu isiyotazamwa ni bure, afadhali kuuza. Ni kweli kwa filamu moja. Si kweli kwa filamu nne fupi. Binti, iliyoandikwa na Angela Ruhinda na kuongozwa na Seko Shamte, imejengwa kwa hadithi nne za wanawake wanne, na ikafika Netflix. Anayeshuti hadithi moja ya dakika ishirini kwa mwaka, akabaki na haki zake, anaweza kuziunganisha siku moja, kukikodishia kituo kwa miaka miwili, kisha kukodisha tena kwingine. Aidha filamu fupi ndiyo barua ya utambulisho inayosomwa na mifuko ya nje. Mwaka 2023 Netflix na UNESCO walitoa filamu sita fupi za ngano za Afrika, Katope ya Walt Mzengi Corey wa Tanzania na kazi ya Voline Ogutu wa Kenya zikiwamo, kila mshindi akipata dola 25,000 na bajeti ya dola 75,000. Nafasi kama hizo ni chache na si mpango wa maisha, lakini hakuna anayezipata kwa uso peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwenye njaa hana subira ya miaka minne. Hapa njia zile tatu zinarudi, kila moja kwa kazi yake. Mradi wa shirika unafaa kama ajira, mwandishi akidai jina lake na haki ya kuitumia filamu baada ya kipindi fulani. Tamthilia inafaa kwa msimu, kwa kuuza uso, hadithi zake zikibaki nyumbani. Fedha za halmashauri nazo zisidharauliwe. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Halmashauri za Geita na Msalala hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya migodi mikubwa, kwa hiyo fungu lao si la kubeza. Ila filamu hairejeshi mkopo kila mwezi kama ufugaji wa kuku. Kikundi kinachokopa kinunue kamera na maiki, vikodishwe kwenye harusi na mikutano ya kampeni, marejesho yatoke huko, na filamu ishutiwe siku ambazo vifaa vimelala. Anayekopa kwa matumaini kwamba filamu yenyewe italipa atajikuta mwezi wa tatu yuko Kariakoo, masta mkononi, akiuliza bei.